Mwaka wa Mashuka Mabichi

Juzi, kwenye harusi ya mjukuu wa jirani yangu hapa Katoyi, mjini Goma, waliniketisha kando ya bibi mmoja mwenye fimbo na miwani minene, wakidhani wazee wawili hawakosi la kuzungumza. Tulikaa kimya tukiwatazama vijana wakicheza, kila mmoja akijiona mdogo kuliko mwenzake. Halafu yule bibi akageuza shingo, akanikagua bila haya kama watu wanavyokagua mbuzi sokoni, akasema: "Domitila, ungali unatokaka jasho ya usiku?" Nilijua hapohapo ni nani. Hakuna mwingine aliye hai ambaye angeweza kuniuliza swali hilo. Alikuwa Anastazia, dada ya Anselmi, kijana aliyenichumbia nikiwa msichana. Anastazia mwenyewe aliolewa Uganda, akavuka mpaka pale Bunagana na kikapu kichwani, na baada ya hapo vita na mipaka vikafanya kazi yao. Tulikuwa hatujaonana tangu nywele zetu zikiwa nyeusi. Nilimjibu kwamba siku hizi silali vya kutosha hata nipate nafasi ya kutoka jasho. Akacheka hadi miwani ikashuka puani. Lakini nilipofika nyumbani nilikaa kitandani na viatu vyangu vya harusi miguuni, na ule mwaka ukanirudia wote, pamoja na harufu yake.

Ilikuwa katika miaka ya hamsini, na Goma ilikuwa mji mdogo ambao mtu aliweza kuumaliza kwa miguu kabla chai haijapoa. Niliishi kwa Shangazi Verediana. Nilivyofika kwake ni habari ndefu. Wanaonijua wanaijua, na wasionijua hawatapungukiwa. Nyumba yake ilikuwa ya mbao, imekalia msingi wa mawe meusi ya volkano, na ilikuwa na vyumba viwili vilivyotenganishwa na ukuta mwembamba kiasi kwamba mtu akikohoa upande mmoja, upande wa pili walimwambia pole. Chumba cha mbele kilikuwa cha Shangazi na cha wageni. Cha nyuma kilikuwa changu na cha binti zake wawili wadogo, na kitanda chetu kilikuwa na godoro la majani makavu lililolia kila tulipojigeuza. Maji tulichota ziwani, kule Kituku. Tulikula maharage na viazi vitamu, na siku ya bahati samaki mmoja mkubwa wa kugawana. Sambaza, vile visamaki vidogo, walikuwa bado hawajaletwa katika ziwa letu, na vijana wa leo nikiwaambia hivyo hunitazama kama ninayesema jua lilikuwa bado halijawekwa. Alasiri nilikwenda fuaye, kituo cha wanawake, ambako madamu mmoja Mbelgiji alitufundisha kushona, kupiga pasi na kuishi.

Jasho lilianza baada ya uchumba wangu kukubaliwa, mvua zilipokuwa zinaisha. Siwezi kusema siku. Nilianza tu kuamka asubuhi nikiwa nimelowa kama mtu aliyetolewa mtoni: shuka, kikwembe nilichojifunga, hata majani ya godoro upande wangu. Binti za Shangazi walidhani ninakojoa na wakanihurumia kwa namna ambayo sijaisahau. Mchana nilikuwa mzima, au karibu mzima. Mgongo uliuma, magoti yaliuma kama ya bibi kizee, homa ilikuja wiki moja ikaondoka wiki nyingine bila kuaga. Basi nikajifunza kuishi nalo. Nililala na vikwembe viwili vikuukuu, kimoja cha kuvaa na kimoja cha kubadili. Niliweka gunia chini ya shuka. Asubuhi nilifua kabla sijanywa chai, nikaanika juu ya ukuta wa mawe nyuma ya nyumba, kwa sababu mawe yale meusi yalishika jua mapema na shuka lilikauka haraka. Shuka likikauka lilibaki na mistari meupe ya chumvi, kama ramani. Nilikuwa fundi wa nguo tayari kwa tabia ingawa si kwa kazi, na nakumbuka nikiitazama ile mistari kwa makini, kila siku na mpaka wake mpya, bila hofu kubwa. Hofu waliniletea watu.

Shuka linaloanikwa kila siku ni tangazo. Wanawake waliopita na ndoo zao waliliona, na jioni walikuja kukaa kwa Shangazi, nami upande wa pili wa ukuta nilisikia ugonjwa wangu ukipewa jina jipya kila mgeni alipobadilika. Wa kwanza alisema ni malaria. Nikapewa kinini mpaka masikio yakavuma. Mwingine alisema ni moto wa mlima unaopita chini ya mawe na kutokea kitandani kwangu, na kwamba tuhamishe kitanda. Tukakihamisha, na jasho likanifuata kwenye ukuta wa pili. Mmoja, kwa sauti ya chini ambayo mbao hazikuwahi kuizuia, aliuliza kama nilikuwa nimeona damu yangu ya mwezi. Shangazi akamjibu: "Nimeona mie mwenyewe. Unataka nikuletee?" Huyo hakurudi kwa muda. Mwingine alisema kuna mtu anayenionea wivu juu ya Anselmi na amenitilia kitu. Shangazi mwenyewe, aliyekuwa amefika umri wa kukoma damu, alisema jasho ni mambo ya wanawake, hata yeye hulipata, ila langu limetangulia. Nililala nikisikia yote hayo na nikaona kila mmoja amepima ugonjwa wangu kwa kipimo cha nyumba yake.

Kisha jioni moja mtu akasema neno ambalo wengine wote walikuwa wakilizunguka. "Verediana, huyo mutoto ana kifua. Ndugu yangu alianza vile vile. Jasho, jasho, kisha damu." Siku hizo kifua kikuu kilikuwa hukumu. Mgonjwa alipelekwa mbali, na hata akirudi mzima jina lilirudi pamoja naye. Msichana mwenye kifua haolewi. Hilo halikuhitaji kusemwa na halikusemwa. Nilisikia tu Shangazi akiongeza kuni motoni ingawa hakukuwa na chungu.

Na mimi nilitaka kuolewa na Anselmi. Naandika hivyo wazi, kwa kuwa katika umri wangu sina wa kumficha. Alifanya kazi kwenye chumba cha mashine cha meli iliyokwenda Bukavu, na Jumapili alikuja amejipaka sabuni yenye harufu kali isiyoshinda harufu ya mafuta ya injini. Alikaa mlangoni, kwa heshima, na Shangazi alikaa kati yetu, kwa heshima zaidi. Habari ya shuka ilimfikia, kama ilivyowafikia wote. Alisema akitazama kofia yake: "Mie sina shida na jasho. Kule chini ku mashine tunatokaka jasho siku yote na hakuna mwenye anatukimbia." Nilimpenda kwa sentensi hiyo kuliko kwa zote alizopata kusema baadaye akijaribu kusema vizuri. Lakini Anselmi hakuwa wa kuamua. Mwamuzi alikuwa mama yake, huko juu Kibati, kwenye barabara ya Rutshuru, walikokuwa na ng'ombe wao.

Hapa lazima nieleze habari ya maziwa, kwa sababu wajukuu wangu wananunua maziwa ya pakiti na hawajui kitu. Mama Anselmi alikuwa amenitengea ng'ombe. Ng'ombe mwenyewe alibaki kwenye malisho, ila maziwa yake yalikuwa yangu, ninenepe kabla ya harusi, nisije kwao nikiwa mifupa. Mara mbili kwa wiki Anastazia aliteremka kwa miguu na gudulia la mti lililofukizwa moshi wa majani, limefunikwa kifuniko cha ususi. Nilikunywa nimekaa, kwa kuwa maziwa hayanywewi mtu amesimama, na sikuacha tone, kwa kuwa kuacha ni dharau. Na hayakuchemshwa. Kwetu maziwa hayapandi jikoni. Kila mtoto wa wafugaji alijua kwamba ukiweka maziwa kwenye moto unamchoma ng'ombe chuchu kutoka mbali. Ataumia, atapungua, atakauka. Nilipoanza kutoka jasho, Mama Anselmi alisikia ninaumwa, akafanya kile ambacho mtu mwema angefanya: akaongeza maziwa.

Shangazi alinipeleka hospitali. Daktari alikuwa Mbelgiji mwembamba aliyeongea akiwa ameshatazama kitu kingine, na mfasiri wake alikuwa muuguzi kutoka Butembo, mwenye koti jeupe lililopigwa pasi kuliko la daktari. Wakanipitisha kwenye mashine ya kupiga picha kifua, nimekumbatia bamba baridi. Mapafu, wakasema, hayana alama. Halafu daktari akaandika, akauliza, na muuguzi akatugeukia. "Docteur anauliza: maziwa ya ngombe munakunywaka?" Nikasema ndiyo. "Munaichemshaka kwanza?"

Sasa, madamu wa fuaye alikuwa na desturi ya kuzunguka nyumba kwa nyumba kukagua maisha yetu. Alisimama mlangoni na kuuliza maswali, na kila swali lilikuwa na jibu lake, kama katekisimu. Maji munachemsha? Ndiyo, madamu. Watoto wananawa mikono? Ndiyo, madamu. Maziwa munachemsha? Ndiyo, madamu. Shangazi alikuwa na sufuria nzima inayong'aa ambayo kazi yake ilikuwa kuonyeshwa tu. Hakuuhesabu huo kuwa uongo, na mimi pia sikuuhesabu. Ilikuwa adabu, namna ya kumsaidia Mzungu amalize haraka aende. Kwa hiyo muuguzi alipouliza, Shangazi alijibu kabla sijafungua mdomo, wima, kwa sauti ya kwenye fuaye: "Tunaichemshaka, docteur. Kila mara." Daktari akakata kitu kwenye karatasi yake. Nimefikiria mara nyingi juu ya kalamu ile ikipita. Kisha akasema kwamba kwa kuwa si maziwa, huenda mapafu yanaficha. Turudi tena kupiga picha nyingine, na kwa sasa nile peke yangu na nilale peke yangu.

Tukafanya hivyo. Binti za Shangazi wakahamia chumba cha mbele. Nikapewa kikombe cha bati cha buluu kilichotundikwa msumarini, sahani yangu, kijiko changu. Tulikuwa tumezoea kula kutoka sahani moja, vidole vikigongana kwenye maharage, na ghafla nikawa nakula nikitazama ukuta. Nilishangaa jinsi chakula kisicho na vidole vya wengine kinavyopoa upesi. Hakuna aliyenitendea vibaya. Shangazi alinichagulia vipande vizuri vya samaki, akavisukuma kwenye sahani yangu kwa kijiko kirefu. Ni kile kijiko kirefu kilichonitia uchungu, nikalia siku moja nikisema ni moshi. Wageni walipokuja waliangalia kwanza msumari, kisha mimi, kisha wakakumbuka kazi nyumbani. Anastazia pekee ndiye aliyeendelea kukaa nami kitandani, akinisimulia habari za Kibati huku nikimaliza maziwa. Juzi harusini aliniambia kitu ambacho hakuniambia wakati ule: kwamba mwaka huo ng'ombe wao wawili walitupa mimba, na mama yake alikataza habari hiyo isiteremke mjini, isisemwe kwamba bibi harusi ameleta mkosi. Alinisimulia huku akitafuna nyama, kama mtu anayetaja hali ya hewa, na mimi nikaifikiria tena ile kalamu ya daktari.

Tuliporudi hospitali, picha ya pili ilikuwa safi kama ya kwanza. Daktari aliitazama kwenye mwanga na kuonekana ameudhika, kana kwamba mapafu yangu yalimkosea adabu. Muuguzi akarudia maswali yote tangu mwanzo, kwa uchovu. Alipofika kwenye maziwa nilimwona Shangazi akijinyoosha kujibu. Sikuwa na ushujaa wowote. Nilipiga hesabu tu. Upande mmoja msichana mwenye kifua, upande wa pili msichana aliyeaibisha maziwa. Huyu wa pili angeweza angalau kula na watu. Nikasema: "Hatuichemshake. Hata siku moja." Muuguzi aliniangalia, akamwangalia Shangazi, halafu akatafsiri kwa sauti ndogo. Daktari akaweka picha chini, akasema maneno mengi, na kwa mara ya kwanza alikuwa ananitazama mimi.

Barabarani Shangazi alitembea mbele yangu bila kugeuka. Tulipofika karibu na nyumbani alisimama. "Umenivua nguo mbele ya bazungu," akasema. Nikasema, "Shangazi, nisamehe. Lakini ni homa ya maziwa, siyo kifua. Alisema ni sindano na kuacha maziwa mbichi." Nikaona mabega yake yakilegea. Alikuwa ameogopa kuliko mimi. "Siyo kifua," alisema, akirudia kama mtu anayeonja chumvi. Akaingia ndani, akakitoa kile kikombe cha buluu msumarini na kukitupa kwenye pipa la takataka, na jioni ile tulikula sahani moja. Kisha, akiwa anaramba vidole, akasema lile lililobaki: "Sasa nani atamwambia Mama Anselmi?"

Nilimwambia mimi, kwa kuwa alikuja mwenyewe. Uvumi wa kikombe ulikuwa umepanda hadi Kibati, akateremka Jumapili kuona kwa macho yake, na gudulia alilibeba yeye. Alikuwa mwanamke mrefu, mpole wa mwendo, aliyefunga kitambaa chake kichwani hadi kwenye nyusi. Alikaa kwenye mkeka, akasalimu kila mtu na kila mtoto, akaniwekea gudulia mbele. Nilishika mikono yake yote miwili. Nikasema, "Mama, aksanti. Docteur alinikataza. Sina kifua. Anasema ugonjwa ni ya maziwa, sababu haichemke."

"Maziwa ya kwetu?"

"Maziwa yote, Mama, kama haijaenda ku moto."

Hakukasirika, ingekuwa rahisi kama angekasirika. "Baba yangu alizeeka na ile maziwa," akasema. "Babu yangu vile vile. Sikuona mutu alilowa." Shangazi akaanza kusema kitu kuhusu sindano, akanyamazishwa kwa kiganja. "Domitila, mutoto yangu. Unataka nikaushe ngombe juu ya shuka yako?" Alingoja jibu kwa haki kabisa, akitazama uso wangu. Lilipokosekana alichukua gudulia lake, likiwa limejaa, akaondoka bila kunywa hata maji. Katika desturi zetu kuondoka na maziwa uliyoyaleta ni neno zito kuliko tusi.

Baada ya hapo niliendelea kupona. Nilichomwa sindano nyingi, na sijui hadi leo kama zilizonisaidia ni hizo au kuacha maziwa. Mistari ya chumvi kwenye shuka ilizidi kuwa myembamba, kisha asubuhi moja nikaamka mkavu na sikuamini, nikapapasa godoro kama kipofu. Magoti yalinyamaza. Shangazi alisema nimekuwa na rangi. Lakini Anastazia hakuja tena, wala maziwa, na Anselmi hakuonekana Jumapili mbili tatu, halafu nikaacha kuzihesabu. Siku moja nilipokuwa nachota maji Kituku niliiona meli yake ikiingia, na nilijua yuko chini, ambako hakuna dirisha. Watu walioniogopa nilipokuwa mgonjwa walikuja sasa kunipa pole kwa kupona. Nilikuwa na mwili mzima na hakuna wa kumpelekea. Nilishona. Usiku nililala vizuri kabisa, na nilichukia kulala vizuri.

Mama Anselmi alirudi adhuhuri moja ya siku ya soko, wakati barabara imejaa. Nilikuwa kizingitini ninashona pindo la gauni la mteja wa fuaye. Nilimwona kutoka mbali kwa urefu wake, na sikuelewa nilichokiona kichwani pake, maana hakuwa na gudulia. Alikuwa amebeba sufuria. Sufuria ya aluminiumu, imefungwa kitambaa, nyeusi chini kwa moshi. Mwanamke wa nyumba ya ng'ombe alikuwa ameteremka barabara nzima ya Rutshuru na kuvuka soko zima na maziwa kwenye sufuria, na hakukuwa na mtu njiani ambaye hakujua maana yake. Wawili watatu walikuwa wamemfuata kwa mbali, waone atakapoishia.

Aliketi palepale kizingitini, akaitua, akafungua. Maziwa yalikuwa na utando mzito juu, uliokunjamana, wa njano. Alimimina kwenye kifuniko cha sufuria, kwa kuwa Shangazi alikuwa amesimama nyuma yangu amesahau kuleta kikombe. Akanipa. "Tangu nilitoka hapa, niko nachemsha," akasema. "Kwetu wote. Kunywa."

Niliweka gauni chini, nikakaa vizuri, nikanywa mafundo ya kwanza. Yalikuwa na ladha ya moshi na ya kitu kilichoungua. Nilitaka kusema aksanti, lakini kilichotoka kilikuwa kingine.

"Na ngombe yangu, Mama?"

Aliwatazama wale waliomfuata, waliosimama barabarani wakisikiliza, kisha akanitazama mimi.

"Ilikauka," akasema. "Hii ni ya ingine."

Akachukua kifuniko mikononi mwangu, hakukipangusa, akaweka mdomo pale nilipokuwa nimeweka wangu, akanywa yaliyobaki.